Ni Nani Mwenye Akiba ya Mzee?

Kila mwaka, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, walimu, wauguzi na makarani kadha wa kadha hukabidhi funguo za ofisi, hushikwa mkono na wakubwa wao, hupewa zawadi ya kuagwa, kisha hurudi nyumbani kungoja malipo yao ya uzeeni. Siku hizo za kungoja ndizo zinazolizaa swali ambalo twataka kulipima leo pamoja na wasomaji wetu. Mzee husema: “Fedha ni yangu, nimekatwa tangu ujana wangu, mbona napewa kwa kijiko?” Nao wenye kuushika mfuko humjibu: “Ni yako, lakini tukikupa yote utaimaliza upesi, kisha utabaki kuomba.” Nani kati yao asema kweli? Tena liko swali zito kuliko hilo: je, ni haki mtu kumzuilia mtu mzima mali yake, kwa ajili ya faida ya huyo huyo mwenye mali?

Hatutaki kulijibu kwa hasira, maana hasira imekwisha kutumika ya kutosha. Yafaa kwanza kukumbushana jinsi mambo yalivyokwenda.

Zamani watumishi wa Tanzania Bara walitawanyika katika mifuko mbalimbali. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ukawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. NSSF ukaachiwa wafanyakazi wa makampuni na watu wanaojiajiri. Kabla ya hapo mtumishi wa PSPF au LAPF alipewa nusu ya haki yake kwa mkupuo siku ya kustaafu, na nusu iliyobaki aligawiwa kila mwezi mpaka kufa kwake. Mtu wa PPF au NSSF alipewa robo. Kanuni mpya zilipotoka zikasema kwamba sasa wote watapata robo. Kelele zilizopigwa na wafanyakazi zilifika Ikulu, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko, akazisimamisha kanuni zile, akaagiza mpango wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Lakini haukufika huko. Mwaka 2022 Serikali, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TUCTA) na Chama cha Waajiri walikaa wakapatana mkupuo wa asilimia 33 kwa wote, kuanzia tarehe 1 Julai. Manung’uniko hayakwisha, na katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikatangazwa kwamba wale waliokuwa wa nusu watapandishwa hadi asilimia 40, na wale wa robo hadi asilimia 35.

Neno “kikokotoo” limekuwa kama jina la mnyama mkali, nalo ni hesabu tu. Mshahara wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 580; zamani, kwa watu wa PSPF na LAPF, uligawanywa kwa 540. Jibu lake ndilo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu inayotolewa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5, zamani ilizidishwa kwa 15.5. Hayo tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyetumika miaka 33, yaani miezi 396, naye anastaafu akiwa na mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya zamani angalipewa mkupuo wa shilingi 81,840,000, na kila mwezi shilingi 440,000. Kwa hesabu ya 2022, ikiwa twauhesabu mshahara ule ule, mkupuo wake ni kama shilingi milioni 40 na nusu, na kila mwezi yapata 549,000. Kwa asilimia 40 ni kama milioni 49, na kila mwezi yapata 492,000. Sasa na tuulize: lile pungufu la shilingi milioni 41 la mwaka 2022 litarudi lini kwa nyongeza ya shilingi 109,000 za kila mwezi? Litarudi baada ya miaka zaidi ya 31. Mwalimu anayestaafu na miaka 60 atakuwa amepita miaka 91 ndipo hesabu mpya imfikishe pale ambapo ya zamani ilikwisha kumweka.

Basi mtu asiseme kwamba wazee hawa hawakuelewa. Walifundisha hesabu wao wenyewe.

Hata hivyo uadilifu watudai tusikilize na upande wa pili, nao una neno la haki. Michango inayopelekwa PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara: mfanyakazi hukatwa 5, mwajiri huongeza 15. Hata kama mwalimu wetu angalikuwa akilipwa shilingi 1,200,000 tangu siku yake ya kwanza kazini, jambo ambalo halijapata kumtokea mwalimu yeyote, michango yote ya miaka 33 ingalifika shilingi 95,040,000. Ondoa mkupuo wa zamani wa 81,840,000. Zabaki milioni 13 na kidogo, ambazo kwa shilingi 440,000 kila mwezi zatosha miezi 30. Baada ya miezi hiyo mzee alishwe na nini? Alishwe na faida ya fedha yake, iliyokuwa ikifanya kazi mahali fulani kwa miaka 33. Ahadi ya zamani, kwa hiyo, iliegemea mno juu ya faida, na mwenye kutunza mfuko aliyeona kwamba mguu huo ni mwembamba hakukosea kusema hivyo.

Lakini hapo ndipo swali linapomgeukia aliyeuliza. Faida ilikwenda wapi? Fedha za mifuko zilikopeshwa katika ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007. NSSF iligharimia sehemu kubwa ya Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Ni kazi njema za taifa, na vijana wa Kasulu na Kibondo wamesoma Dodoma kama wengine. Lakini kazi njema ya taifa si lazima iwe kazi ambayo inamrudishia mzee fedha yake kwa wakati wake. Tena liko jambo la mwaka 1999. PSPF ulipoanzishwa mwaka huo, walikuwapo watumishi wengi ambao kabla yake hawakuwa wakichangia kitu, kwa kuwa pensheni yao ilitoka moja kwa moja katika hazina. Mzigo wa miaka yao ya nyuma ulikuwa wa Serikali. Mfuko ukawa unawalipa hao kwa fedha ya wale waliokuwa wakichangia, na deni likazidi kukua, hata katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ikatoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kuufidia mfuko, isiyo ya fedha taslimu. Twalisifu jambo hilo, maana anayekiri deni ni bora kuliko anayelikana. Ila na isisemwe tena kwamba mkupuo ulipunguzwa kwa sababu wazee hawajui kutumia fedha. Mfuko ulipungukiwa kwa mambo mengi, na ufujaji wa wazee haukuwa mojawapo. Fedha ambayo mzee hajapewa hawezi kuifuja.

Twajua kwamba wako waliopokea mkupuo wakanunua gari kuukuu la abiria, likafia katika vumbi la barabara ya Nyakanazi kabla ya mwaka kwisha. Wako walioongeza mke wakiwa na miaka 60, nasi hatutasema zaidi. Lakini wengi tuwajuao walinunua bati na saruji, wakalipa ada ya mjukuu, wakapanda miti katika shamba la baba yao. Nao walikuwa na sababu ambayo mabwana wa takwimu hawaitaji mara kwa mara: bati haliozi kama shilingi.

Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana milima hii ina kumbukumbu yake juu ya ujira ulioahirishwa, na bila kumbukumbu hiyo neno la mzee wa leo halieleweki.

Nchi ya Buha ilifanywa na wakoloni kuwa ghala la vibarua. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Na tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoitwa SILABU, ilikusanya vijana wa huku kwa mikataba na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kila mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Mpaka zote zijae hakuna mshahara. Siku ya ugonjwa haikuandikwa. Siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa pia. Ujira ulikuwapo, nao ulikuwa wake, lakini aliyeamua lini ni wake alikuwa mtu mwingine mwenye kalamu. Vijana wale walirudi na blanketi, baiskeli, sanduku la bati, na mara nyingine kifua kibovu. Akiba ya uzee hawakuwa nayo.

Sheria ya kuanzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba, yaani NPF, ilipitishwa mwaka 1964, mkonge ukiwa umefika kilele chake. Miaka michache haikupita, bei ikaanguka, mashamba yakapunguza watu. Waliobaki kazini, katika mkonge na kwingineko, waliwekewa akiba ambayo wangepewa yote kwa pamoja wakizeeka. Waliipata, lakini shilingi yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1975 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7 na senti. Mwaka 1990 ilikaribia 200. Mtu aliyekatwa fedha ya kununulia ndama alirudishiwa, pamoja na riba yake, fedha ya kununulia kuku. Hakuna aliyeiba. Kitabu kilikuwa safi, kila senti imeandikwa mahali pake. Ndiyo maana NPF uligeuzwa kwa sheria ya mwaka 1997 kuwa NSSF, mfuko wa pensheni badala ya sanduku la akiba. Na mageuzi hayo yalikuwa ya hekima. Lakini mjukuu wa manamba, mtoto wa mtu wa NPF, akiambiwa mwaka 2018 kwamba fedha yake ni salama zaidi ikibaki kwa mwingine, je, ni ajabu akisita?

Kwa maoni yetu, basi, swali la kwanza halijibiwi kwa kusema “ndiyo” wala “siyo” tu. Yawezekana ikawa haki kumwekea mtu mzima mali yake. Sote twafanya hivyo: mama huificha mbegu ya maharage asiipike mwenyewe wakati wa njaa, na watu wa kikundi hufunga sanduku kwa kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu. Mtu ajifahamuye ajua kwamba leo yake yaweza kuidhulumu kesho yake, naye huwaomba wenzake wamsaidie kuilinda. Hiyo si dharau. Dharau huanza pale ambapo mwenye kufuli hakuombwa, wala haonyeshi sanduku, naye anapoulizwa huanza kuhubiri juu ya ujinga wa mwenye mali.

Wazee wetu wa Buha walikuwa na desturi ya ubugabire. Mwenye ng’ombe wengi alimpa mtu ng’ombe amtunze. Mtunzaji akanywa maziwa, akapata samadi kwa migomba yake, naye akamtumikia mwenye ng’ombe kwa kazi na kwa heshima. Haikuwa desturi ya usawa, nasi hatutaki irudi. Lakini ilikuwa na jambo moja wazi: kila mtu kijijini alijua ng’ombe yule ni wa nani, yuko zizi gani, na amezaa mara ngapi. Akifa, mtunzaji alipaswa kueleza. Katika mifuko yetu ya leo mwenye ng’ombe ni yule muuguzi wa zahanati na yule mwalimu wa Heru Juu, na watunzaji ni mabwana wakubwa wa bodi, wa wizara na wa vyama. Desturi imepinduka, kwa kuwa sasa mwenye ng’ombe ndiye anayemnyenyekea mtunzaji.

Wala tusiwatazame wa Serikali peke yao. Wako waajiri binafsi, katika miji yetu hii hii, wenye kampuni za ulinzi, za ujenzi na hata shule, ambao humkata mlinzi au mpishi kila mwezi, wakaandika makato katika hati ya mshahara, wasipeleke kitu kwenye mfuko. Mtu hugundua siku anapougua au anapoachishwa kazi. Tendo hilo lina jina moja tu katika lugha ya Kiswahili, nalo halibadiliki kwa sababu mwenye kulitenda ana ofisi na muhuri. Nchi za wakubwa nazo hazikuokoka: alipokufa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, mwaka 1991, iligunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yametolewa katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake ili kuzitegemeza kampuni zake. Waingereza walitunga sheria mpya mwaka 1995 kwa sababu ya aibu ile. Twaitaja habari hii kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba dawa ya kila kosa la Serikali ni kuwakabidhi matajiri.

Na viongozi wa wafanyakazi je? Mwaka 2022 walikaa mezani, wakakubali asilimia 33, wakatoka wakiwaambia wenzao kwamba wameshinda, kwa kuwa robo ilikuwa imekataliwa. Kwa watu wa NSSF na wa PPF ya zamani ilikuwa kweli ni nyongeza. Kwa mwalimu wa PSPF ilikuwa hasara, na ilimpasa kuambiwa hivyo, kwa tarakimu, na mtu aliyemtuma. Mwakilishi aweza kukubali hasara kwa ajili ya kuokoa mfuko. Hilo ni tendo la kiume na la kike pia. Kuipamba hasara kwa jina la ushindi ni jambo jingine.

Tumesema mengi juu ya wenye mishahara, nasi twaona haya kidogo, kwa sababu katika nyumba kumi za Kasulu au Kibondo wao ni wachache. Wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, mihogo na ndizi. Fedha yao huja kwa msimu, gunia likiuzwa. Baada ya hapo ni miezi ya kupima chumvi. NSSF umefungua mlango kwa wanaojiajiri, na ni mlango mzuri kwa fundi cherehani au mwenye duka. Lakini mwenye umri wa miaka 70 leo, aliyelima tangu utoto na kuilisha miji kwa bei iliyopangwa na wengine, ataanza kuchangia lini, na achukue lini? Akiba yake alikwisha kuitoa, kwa namna ambayo haikuandikwa katika kitabu cha mtu. Zanzibar walilitambua jambo hili: tangu Aprili 2016 kila mzee wa huko aliyefika miaka 70 hupewa pensheni ya jamii, bila kuulizwa alichangia nini, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Huku Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003. Na mwaka 2010 wizara ya kazi pamoja na shirika la HelpAge walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba pensheni kwa wazee wote yawezekana. Wazee waliotajwa katika karatasi hizo wengi wamekwisha kuzikwa. Hawakuwa na kiti katika meza ya 2022, wala katika ile ya 2018, kwa sababu viti viliwekwa kwa Serikali, waajiri na wafanyakazi, na mkulima si mmoja wa hao watatu.

Tuna ombi, nalo si kubwa. Mstaafu hutakiwa mara kwa mara kufanyiwa uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba bado yu hai, ili fedha isiendelee kutoka kwa jina la marehemu. Ni jambo la haki, maana ni kulinda mali ya wote. Basi maofisa wa mifuko wakija kuwahakiki wazee wetu, na waje pia kuhakikiwa. Waseme mbele yao, kwa Kiswahili na kwa tarakimu: mwaka huu mfuko ulipokea kiasi gani, ulilipa kiasi gani, Serikali bado inadaiwa kiasi gani, na mwajiri gani wa wilaya hii hajapeleka michango. Ukumbi upo Kasulu, na Kibondo upo. Wazee watakuja mapema kuliko wageni, kama kawaida yao, nao wamekwisha kutuambia kwamba watakuja na kalamu.